Uzi: Barakoa za mafundi wetu Mbeya, kagua nini kabla ya kutoa hela

MamaIlomba (mwanzisha uzi), Agosti 2021

Wakuu, poleni na baridi. Nimekuwa nikinunua barakoa za kitambaa Mwanjelwa, Kabwe na Sokomatola kwa ajili ya kikundi chetu cha vikoba na kwaya ya kanisani, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanatoa hela kwa kitu wasichokikagua. Gauni la sendofu tunaligeuza ndani nje, tunavuta mshono, tunasumbuana na fundi mpaka jioni. Barakoa inayokaa mdomoni na puani tunachagua kwa rangi tu, tunaondoka.

Msimamo wangu nautoa mapema. Nunua kwa fundi unayejua anakaa wapi, mwambie unachotaka, halafu mlipe bei inayotosha kuifanya hiyo kazi. Ukibana bei mpaka mwisho, hana pa kufidia isipokuwa ndani ya barakoa yenyewe. Ataondoa tabaka moja. Kwa nje utaona kitenge kilekile kizuri, na wewe utaondoka ukidhani umepata nafuu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Wazazi tunakumbuka watoto kurudi nyumbani. Mafundi wanakumbuka sare za shule zilizokuwa zimeshakatwa na wenyewe hawakuja kuzichukua, pamoja na harusi na vipaimara vilivyoahirishwa. Kidato cha sita na vyuo vilirudi 1 Juni, shule nyingine 29 Juni. Katikati hapo niliozungumza nao wanasema barakoa ndiyo iliyowalipia kodi ya fremu. Hawa ni watu wetu, na wengi wana mkono mzuri kweli. Kinachokosekana ni mteja anayejua kuagiza.

Sasa tuje kwenye barakoa yenyewe. Igeuze uangalie ndani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tarehe 5 Juni 2020 kuhusu barakoa za kitambaa: tabaka tatu. Ya ndani, inayogusa mdomo, iwe ya pamba inayonyonya unyevu. Ya nje iwe ya kitambaa kisichonyonya maji upesi, kama poliesta au mchanganyiko wa poliesta na pamba. Ya katikati iwe ya kuchuja, na walichopendekeza ni polipropilini isiyofumwa. Msitishwe na jina. Plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019, ile mifuko laini kama kitambaa iliyoingia sokoni badala yake mingi ni kitu hichohicho. Mafundi kadhaa hapa mjini wanaiweka katikati. Ila muulize fundi kama ni mfuko mpya. Mfuko uliokwisha kubeba dagaa na nyanya, hata ukifuliwa, usiukubali kwenye pumzi yako.

Ishike juani. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, hiyo ni ya tabaka moja au kitambaa kimefumwa wazi mno. Halafu ipime kwa mshumaa unaowaka: vaa barakoa yako uliyokwisha nunua, puliza ukiwa karibu na moto. Moto ukizimika kwa urahisi, pumzi yako inatoka nje kama kawaida. Si kipimo cha maabara, lakini kinakutenganishia ile mbovu kabisa.

Nimesema uliyokwisha nunua kwa makusudi. Pale stendi wauzaji wanazining'iniza mkononi, abiria mmoja anajaribisha usoni, anasema inambana, anarudisha, anayefuata anachukua ileile anavaa papo hapo anapanda basi. Vumbi la barabarani nalo halijaisha. Mimi simlaumu kijana anayetafuta riziki, ila naomba sana: msijaribishe usoni, na hata ukinunua mpya, ifue kwanza. Kupima ukubwa iweke mbele ya uso bila kugusa, au beba kipimo chako: toka juu ya pua mpaka chini ya kidevu, na toka shavu hadi shavu. Fundi ukimpa namba hizo hakosei.

Karibuni, hasa mafundi wenyewe. Tuambizane.

Fundi_wa_Kabwe

Asante sana Mama, umetusemea. Mimi nashona hapa Kabwe, na ningependa wateja waijue hesabu maana wengi wanadhani barakoa ni mabaki ya kitenge, haina gharama.

Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kama sentimita 115. Kipande kimoja cha barakoa ya mtu mzima, ya mikunjo, nakata sentimita 20 kwa 22. Mita moja ukiipanga vizuri inatoa vipande 25. Ukisikia 25 unaona ni nyingi. Lakini nje na ndani kwa kitambaa hichohicho ni barakoa 12 tu. Hapo bado cha katikati, bado lastiki, bado uzi, umeme au mguu kama ni cherehani ya kukanyaga, na pasi. Mikunjo mitatu kila upande, inabidi kila mmoja ushikwe kwa pini. Barakoa ya tabaka moja namaliza upesi sana. Ya tabaka tatu kitambaa kinakuwa kizito pale mikunjo inapokutana na sindano inavunjika.

Mteja anakuja na bei yake kichwani, mia saba. Nikimwambia elfu moja na mia tano anasema nenda stendi uone. Wenzangu wengine wanakubali hiyo mia saba kwa sababu mtoto anasubiri chakula. Mama amesema kweli, inayoondoka ni tabaka ya kati, kwa sababu ndiyo isiyoonekana. Ukitaka uhakika mwambie fundi aache upande mmoja wa chini bila kushonwa, kama mfuko. Utaona mwenyewe kilichomo ndani, na ukitaka utaweka kitambaa kingine cha kuchuja na kukitoa wakati wa kufua.

Kijana_Mafiati

Wakuu, mimi nipo upande mwingine kidogo. Elfu moja na mia tano kwa barakoa moja, nyumba ya watu sita, na mnasema kila mtu awe nazo zaidi ya moja. Ni hela ya unga hiyo. Bodaboda kama mimi ndani ya siku inaloa vumbi na jasho, natakiwa kubadilisha. Mnategemea tununue wapi kama si za bei ya stendi? Siko kubishana, nauliza kwa dhati.

MamaIlomba

Mdogo wangu swali lako ni la haki na sitalijibu kwa maneno matamu. Kwa nyumba ya watu sita, usinunue moja moja. Nunueni kitambaa pamoja, mpeleke kwa fundi, mlipe ufundi peke yake. Shuka la pamba ambalo halijachakaa linafaa kwa ndani, hulazimiki kununua pamba mpya. Kwa nje suruali ya tetroni ya mtumba, ile iliyofumwa kwa kubana, inatoa vipande vingi. Majirani wawili watatu mkiunganisha oda, fundi naye anapunguza kwa sababu anakata kwa mkupuo. Hapo umepunguza bei bila kugusa tabaka. Kinachoniumiza mimi ni kupunguza kwa namna ile nyingine.

Na kwa bodaboda ningekushauri ya kamba za kufunga kisogoni badala ya lastiki ya masikioni. Kofia ngumu ukiivaa na kuivua, lastiki inavutika inalegea, ndani ya muda mfupi barakoa inaning'inia kidevuni. Kamba ya kitambaa hailegei. Na kina mama wa sokoni wanaojifunga mtandio au kilemba wanaipenda kwa sababu wanafungia juu yake.

Kamwene_Iringa

Kamwene wakuu. Huku Iringa mambo ni hayohayo. Naongeza jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: kitambaa kifuliwe KABLA ya kukatwa. Pamba mpya ikikutana na maji ya moto inasinyaa, poliesta haisinyai. Mkishona pamoja bila kufua, ufuaji wa kwanza tu ndani inavuta, nje inabaki, barakoa inajikunja kama bakuli na pembeni panaachia. Na kitenge kipya kina wanga mwingi unaokifanya king'ae, ndiyo maana ukivaa siku ya kwanza unahisi unakosa pumzi.

Sisi tunaovaa miwani asubuhi za Juni mpaka Agosti ni mateso. Unapumua, kioo kinakuwa cheupe, huoni barabara. Dawa yake ni waya pale juu ya pua. Fundi wangu anatumia waya mwembamba wa umeme ukiwa bado na ganda lake la plastiki, hivyo haushiki kutu ukifuliwa. Waya wa kufungia nondo usiukubali, unatoa kutu kwenye kitambaa na ncha zake zinachoma. Ncha zikunjwe kwanza. Mvuke ukitokea juu kwenye miwani ujue hata hewa inapita hapohapo bila kuchujwa, kwa hiyo huo waya si wa wenye miwani peke yao.

Mwana_wa_Kyela

Nyie mnazungumzia baridi, njooni Kyela. Huku ziwani joto likipanda, barakoa yenye poliesta nje na mfuko katikati inakuwa imeloa jasho kabla hujafika sokoni. Ikiloa pumzi inakuwa nzito, mtu anaishusha puani, basi haina kazi tena. Mimi nimeagiza tabaka mbili za pamba iliyofumwa kwa kubana, na natembea na ya akiba kwenye mfuko safi wa karatasi. Naona ni heri ya tabaka mbili inayokaa usoni kuliko ya tatu inayokaa kidevuni. Kama nakosea wataalamu wanirekebishe.

Binti_wa_Tukuyu

Mugonile. Sisi Rungwe shida yetu ni kukauka. Ukungu na manyunyu haya, nguo inakaa kambani siku mbili bado ina unyevu. Mtu ana barakoa moja, anaifua usiku, asubuhi anaivaa mbichi. Watu wa Mbeya mjini mna jua la kiangazi na upepo, hamlijui hili. Kwa hiyo kwetu hesabu ya kununua ni kubwa zaidi, na nimegundua ile aliyosema Fundi wa Kabwe, ya mfuko uliofunguka chini, inakauka upesi kwa sababu unaitenganisha. Kukausha juu ya jiko la mkaa nimeacha, inashika moshi, ukivaa unakohoa na watu wanakutazama vibaya.

Nesi_Mstaafu

Wanangu nimesoma yote na nimefurahi. Niongeze upande wa afya.

Barakoa ya kitambaa kazi yake kubwa ni kuzuia matone yako wewe yasimfikie mwenzako. Kukukinga wewe inasaidia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana mimi nikiivaa peke yangu kwenye daladala ya watu walioachia nyuso, kinga inakuwa ya upande mmoja. Kwa mtu wa Kyela: hukukosea sana. Inayovaliwa vizuri ndiyo inayofanya kazi. Ila ukikaa ndani ya chumba na watu wengi, tafuta ya tabaka tatu.

Wenye miaka 60 na kuendelea, wenye kisukari, moyo, pumu, na yeyote anayemuuguza mgonjwa nyumbani: hao kama inapatikana wavae barakoa ya hospitali, zile za kutupa. Usiifue ukairudia. Wahudumu wa afya kazini wasivae za kitambaa kabisa. Na watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe, nimeona watu wanawashonea watoto wa kubebwa mgongoni, hiyo ni hatari ya kukosa hewa. Zile zenye kitobo cha plastiki mbele, zinazouzwa ghali kama ndizo bora, kitobo hicho kinaachia pumzi yako nje bila kuchujwa, kwa hiyo hazimkingi mwenzako.

Kufua: sabuni na maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu. Huna maji ya moto, fua kwa sabuni na maji ya kawaida halafu ichemshe dakika moja. Ile ya katikati inavumilia maji yanayochemka, lakini pasi ya mkaa haivumilii, inayeyuka inashikana na kitambaa. Pasi ipite kabla ya kuiweka au ipite kwa moto mdogo sana. Na kuvua shika kamba, usishike mbele.

Dereva_Tunduma

Mimi ni dereva wa malori, naegesha Tunduma. Mtakumbuka Mei 2020 Nakonde, mji wa ng'ambo upande wa Zambia, walipata wagonjwa 76 kwa siku moja, na Zambia ikafunga mpaka. Foleni ilirudi nyuma huku kwetu ajabu. Tulikaa barabarani, maji ya kuoga hakuna, na kila mtu anatuangalia madereva kama sisi ndio ugonjwa. Aliyetusaidia ni dada mmoja mwenye cherehani mtaa wa pili kutoka foleni. Alikuja kwenye malori na futi yake, akapima mtu mmoja mmoja kwa umbali, jioni akaleta, kila moja imefungwa kivyake kwenye karatasi. Hakuna aliyejaribisha ya mwenzake. Alitoza zaidi ya wauzaji wa barabarani na hatukumpunguzia hata shilingi, na mpaka leo kila nikipita naagiza kwake. Nimeona niiseme kwa sababu umbali na usafi wa kukabidhi ni sehemu ya bidhaa, si kitambaa peke yake.

Mwalimu_Nyanda

Naomba msaada wa mafundi. Nafundisha wanafunzi viziwi. Mimi nikifunika mdomo nimewafungia nusu ya darasa, maana lugha ya alama inatumia uso na wengine wanasoma midomo. Nahitaji barakoa yenye dirisha la kuonekana mbele. Nimezunguka Mwanjelwa naambiwa haiwezekani. Je, kuna aliyeshona?

Fundi_wa_Kabwe

Mwalimu inawezekana, nimeshona mbili kwa majaribio. Tumia nailoni ngumu angavu, ile ya kufunikia vitambaa vya meza. Dirisha lisiwe kubwa kupita midomo, na kitambaa kibaki kizima pembeni na chini, ili pumzi ipite hapo. Shida ni mbili. Sindano inatoboa nailoni mstari mzima na inachanika, kwa hiyo ongeza hatua ya mshono, matundu yakae mbali mbali, halafu uzungushie utepe wa kitambaa juu yake. Ya pili ni mvuke. Paka ndani sabuni ya kipande kavu kidogo sana, futa kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane, dirisha linakaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Usiichemshe, nailoni inakunjamana, ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Njoo na kipimo cha uso wako, sitakutoza ile ya kwanza, tuirekebishe pamoja mpaka watoto wakuone vizuri.

Mwalimu_Nyanda

Ndaga fijo fundi. Nakuja Jumamosi.

Mdau_Uyole

Swali dogo. Chanjo si zimeanza tangu 28 Julai, Rais Samia amechanjwa mbele yetu. Bado kuna haja ya kununua tena barakoa za kushona?

Nesi_Mstaafu

Ipo mwanangu. Dozi zilizofika ni milioni moja na elfu hamsini na kitu, nchi ina watu wapatao milioni 60. Nenda ukachanje ukipata nafasi, na ukae kwenye foleni ya kuchanja ukiwa umeivaa.

Kijana_Mafiati

Mama nimerudi. Tumeongea kijiweni, tuko kumi na wawili. Tumechanga, tumepata tetroni ya bluu na shuka mbili za pamba. Tunataka za kamba kama ulivyosema. Tunampaje fundi bila yeye kutuzungusha au sisi kumzungusha?

MamaIlomba

Hapo umenifurahisha. Fueni kitambaa kwanza, kikauke, ndipo mkipeleke. Kubalianeni bei ya ufundi kwa kila moja na iandikwe kwenye daftari lake, pamoja na idadi ya tabaka na urefu wa kamba. Toeni nusu mapema, maana cha katikati atanunua yeye. Mwambieni ashone MOJA, mmoja wenu aende akaikague na kuivaa huyohuyo mmoja, ikikaa sawa ndipo aendelee na nyingine. Nusu iliyobaki mlipe siku ya kuchukua, siyo "nitakutumia kesho". Sisi wateja ndio tunaoharibu hapo, fundi anabaki na mzigo wa watu na deni la dukani.

Mkatieni pia kipimo cha kofia zenu, mpelekeeni moja apitishe kamba akiona. Za kwaya yetu zinakamilika Alhamisi, baada ya hapo fundi ana nafasi. Nitumie ujumbe pembeni nikuunganishe naye.